Lenzi ndefu ya wanyama na mpira: kwa nini nimebaki na 200-600

Mtu akinijia anataka ushauri wa lenzi ndefu, simuulizi kwanza anapiga picha za nini. Namuuliza anapiga saa ngapi. Simba wa saa nne asubuhi na simba wa saa kumi na mbili alfajiri ni wanyama wawili tofauti mbele ya kamera, na mechi ya saa tisa alasiri haifanani na ya saa mbili usiku hata kama wachezaji ni walewale na uwanja ni uleule. Milimita za lenzi, zile zinazosema inavuta vitu karibu kiasi gani, kila mtu anazijua, zimeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. Mwanga ndio unaosahaulika, na ndio utakaokuamulia.

Mimi napiga vyote viwili: ndege na wanyamapori kunapopambazuka na jua linapoelekea kuzama, na mpira wa miguu mwisho wa wiki. Kamera yangu ni Sony yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, kwa hiyo lenzi nilizozishindanisha zilikuwa tatu: FE 100-400mm GM iliyotoka 2017, FE 400mm f/2.8 GM ya 2018, na FE 200-600mm G ya 2019. Zote nilizitumia kazini kabla ya kuamua, nyingine kwa kukodi, nyingine kwa kuazima. Nimebaki na 200-600. Haikuzishinda zile mbili kwa kila kitu. Kwa ubora wa picha peke yake, ile ya 400 iko juu na sitabishana na mtu. Lakini kazi yangu mimi, kwa saa ninazopiga, ilikuwa na majibu yake.

Nianze na namba ya f, kipimo cha tundu linalopitisha mwanga kwenye lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 mwanga unaoingia unaongezeka mara nne. Kutoka f/6.3 unaongezeka mara tano. Kwenye karatasi hayo ni maneno tu, lakini simama pembeni mwa uwanja usiku uyaone. Chini ya taa, mchezaji anayekimbia anataka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde, chini ya hapo miguu inaanza kuacha mkia. Kama f/2.8 inanipa picha kwa ISO 3200 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata), basi f/6.3 mahali hapohapo na shata ileile inataka ISO 16000. Picha inajaa chengachenga, rangi ya jezi inafubaa, na uso uliogeukia kivuli unapoteza umbo. Programu za kusafisha chenga zimekuwa nzuri sana siku hizi na mimi nazitumia, ila zina tabia ya kusafisha na visivyotakiwa: nyuzi za manyoya, jasho kwenye paji la uso, majani ya nyasi yaliyorushwa na kiatu. Hivyo ndivyo vitu vilivyonifanya nibonyeze kitufe.

Na uzito wa lenzi hizo nyangavu si uamuzi wa kiwanda. Gawanya 400 kwa 2.8, unapata milimita 143. Huo ndio upana wa njia ya mwanga inayohitajika mbele, na kioo cha upana huo kinapaswa kuwepo, hakuna ujanja wa kukikwepa. Gawanya 600 kwa 6.3, unapata 95 tu. Tofauti hiyo unaiona pia kwenye mandhari ya nyuma: kwa f/2.8 mabango ya matangazo na watazamaji nyuma ya winga wanayeyuka kabisa, anabaki yeye peke yake na mpira. Kwa 600 f/6.3 nyuma panalainika vizuri, lakini bango lenye maandishi makubwa bado utalihisi lipo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitarajii. Watu hudhani f/6.3 inasamehe fokasi kwa kuwa tundu ni dogo. Kwa milimita 600, kitu kikiwa mita 20 mbele yako, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 40 tu kutoka mbele hadi nyuma, karibu sawa kabisa na ile ya 400 f/2.8 kwa umbali huohuo. Tai akifungua bawa lake kukuelekea, jicho likiwa kali ncha ya bawa inaweza isiwe. Mfumo wa kamera wa kutambua jicho la mnyama au la mtu ni msaada mkubwa hapa, na ningekuwa na kamera ya zamani isiyo nao ningeshughulikia kamera kwanza kabla ya lenzi.

Sasa urefu. Hesabu ninayoitumia ni rahisi: chukua umbali kwa mita, zidisha kwa 36, gawanya kwa milimita za lenzi, unapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita. Mdiria wa sentimita 25 akiwa mita 20 mbele, lenzi ya 400 inaona upana wa mita 1.8, kwa hiyo ndege anachukua sehemu ndogo sana. Ya 600 inaona mita 1.2. Ukiweza kumkaribia hadi mita 10, inaona sentimita 60, na hapo ndege anaanza kuitawala picha. Ndiyo maana 100-400 niliirudisha. Ni nyepesi, gramu 1,395, ni kali, na inalenga karibu kiasi kwamba nilipiga nayo kerengende na vipepeo vizuri mno. Kwa tembo na nyati inatosha na kusalia. Kwa ndege wadogo, kila picha niliyoileta nyumbani ilikuwa ya kukatwa nusu.

Kwenye mpira hesabu hiyo inageuka. Golikipa akiruka mita 30 kutoka nilipo, 600 inaona upana wa mita 1.8, mikono na mpira vyote vinabaki nje. Kwa 400 ni mita 2.7, kwa 200 ni mita 5.4. Mchezo unasogea kutoka katikati ya uwanja hadi ndani ya kumi na nane kwa sekunde chache, na lenzi isiyovuta, yenye urefu mmoja tu kama ile 400, inakulazimisha uwe na kamera ya pili shingoni yenye lenzi fupi. Waandishi wa picha wa michezo wanafanya hivyo kila siku na wanafanya kwa ustadi. Mimi nafanya kazi peke yangu, nina mfuko mmoja.

Uzito nao. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nikisoma maoni ya watu kuhusu lenzi hizi nakumbuka hivyo. 400 f/2.8 ina gramu 2,895. Kwa kundi lake ni nyepesi kweli, ukikumbuka kwamba Canon EF 400mm f/2.8L IS II ilikuwa na gramu 3,850 kabla ya toleo la tatu la 2018 kushuka hadi 2,840. Uzito wake umesogezwa nyuma karibu na kamera, hivyo haikuvuti kuangalia chini. Lakini ukubwa wake ni ule wa kuhitaji mfuko wake wenyewe, na monopodi, ile stendi ya mguu mmoja, unaitaka mapema. 200-600 ina gramu 2,115 bila mguu wa stendi. Nayo si nyepesi. Ninachoweza ni kuinyanyua kwa ghafla ndege anaporuka, kumfuata mpaka apotee, kisha kuishusha. Kumngoja chui ashuke mtini nikiwa nimeishika mkononi, hapana. Kwa kungoja natumia mfuko wa maharage dirishani mwa gari au monopodi.

Kilichonishika zaidi kwenye lenzi hii ni jinsi inavyovuta. Haijirefushi. Ukiwa 200 au 600 mwili wake unabaki na urefu uleule, sentimita 32 hivi, vioo vinasogea ndani kwa ndani. Faida yake ni mbili. Mizani haibadiliki mkononi wala kwenye stendi, kwa hiyo kichwa cha stendi ukishakipima mara moja umemaliza. Na vumbi halipati bomba la kuingia na kutoka nalo. Pete ya kuvuta nayo inazunguka kidogo tu, natoka 200 hadi 600 kwa mzungusho mmoja wa mkono bila kubadilisha mshiko. Hilo ndilo linaloniletea picha. Kumpata ndege angani ukiwa 600 moja kwa moja ni kazi ngumu kwa yeyote, kwa sababu pembe ya kuona ni kama nyuzi nne tu. Namtafuta nikiwa 200, namweka katikati, navuta huku nikimfuata. Kwa korongo anayetua kwenye maji ninapata mfululizo mzima: mwili wote na mabawa, kisha kichwa, kisha miguu ikigusa maji.

Kuna swichi ambazo watu huziacha kama zilivyotoka kiwandani, na ni hasara. Ya kuzuia umbali nikiiweka kwenye mita 10 na kuendelea, lenzi haipotezi muda kutafuta fokasi kwenye nyasi zilizo mbele ya pua yangu; kwa ndege wa angani na kwa mpira naiacha hapo. Ya kutuliza mtetemo ina hali tatu: ya kwanza kwa mnyama aliyetulia, ya pili kwa kumfuata mkimbiaji anayepita ubavuni, ya tatu kwa mwendo usiotabirika, na hiyo ya tatu ndiyo ya mpira. Kituliza mtetemo kinatuliza mkono wangu tu. Swala anayeruka anataka 1/2000 au zaidi, hata kituliza kiwe bora namna gani.

Tundu linaanza f/5.6 ukiwa 200, na ukipita karibu milimita 300 tayari umefika f/6.3. Ukali kwa 600 ikiwa wazi kabisa unaniridhisha, na f/8 inaongeza kidogo kwenye kingo. Alfajiri sigusi f/8.

Mchana wa jua kali hakuna lenzi itakayokusaidia. Hewa moto inayopanda kutoka ardhini inatikisa picha, mazigazi yaleyale unayoyaona barabarani, na kadiri lenzi ilivyo ndefu ndivyo yanavyokuzwa. Nimeona watu wakirudisha lenzi nzima kwa kudhani ina kasoro, kumbe walipiga mnyama aliye mbali saa saba mchana juu ya mchanga. Ijaribu lenzi yako asubuhi, kwa kitu kilicho karibu, ndipo uihukumu.

Telekonveta, kile kipande cha kuongeza urefu kinachokaa kati ya lenzi na kamera, sipendekezi kwa hii, isipokuwa jua likiwa la kutosha. Ya 1.4 inakupa 840 kwa f/9, ya 2 inakupa 1200 kwa f/13, na mwanga wa alfajiri hauna cha kukupa hapo. Thamani ya f/2.8 ndipo inapojionyesha: 400 yenye telekonveta ya 1.4 ni 560 kwa f/4, na ya 2 ni 800 kwa f/5.6. Lenzi moja, masafa matatu, yote yanatumika. Nikon wao kwenye Z 400mm f/2.8 ya 2022 waliijenga telekonveta ndani kabisa, unaiingiza kwa kidole bila kufungua lenzi kwenye vumbi. Hilo nalitamani waziwazi.

Walio na kamera za Nikon wana Z 180-600mm ya 2023, nayo inavuta ndani kwa ndani, na njia ninayoieleza hapa ni ileile. Canon wamechukua njia nyingine: RF 200-800mm ya 2023 inafika mbali kuliko zote hizi, lakini kwa f/9 ukiwa 800. Kwa anayepiga ndege mchana mweupe ni lenzi ya kufurahisha sana. Kwa mpira wa usiku, isahau. Anayetembea kwa miguu masafa marefu porini aitazame Nikon Z 600mm f/6.3, pia ya 2023, yenye gramu 1,470 hivi. Haivuti, lakini bega litaisha siku likiwa zima.

Mechi za mchana napiga kwa 200-600 nikiwa nyuma ya mstari wa goli, karibu na kibendera cha kona, na ninapata kutoka upande wa pili wa uwanja hadi kwenye sita ya upande wangu. Riadha hivyohivyo. Jua likizama naivua naweka 70-200 f/2.8, nasubiri mchezo unijie. Nakosa yanayotokea goli la mbali, na ninayopata ni safi. Anayelipwa kwa mechi za usiku peke yake asinifuate mimi, achukue f/2.8 ndefu, hata iwe ya toleo la zamani iliyokwisha kutumika, mradi aijaribu kwanza ikiwa wazi kabisa na avikague vioo kwa tochi kama vina ukungu. Mimi ninayoitazama kwa sasa ni Sony 300mm f/2.8 iliyotangazwa 2023. Ina gramu 1,470, nusu ya ile 400, na kwa mita 30 inaona upana wa mita 3.6. Golikipa anaingia na mikono yake yote.