Thirteen Reasons Why: kinasomeka vizuri, ila usimwachie kijana peke yake

Riwaya hii ya Jay Asher, iliyotoka mwaka 2007, inajua kumshika msomaji. Clay Jensen anakuta kifurushi mlangoni, ndani mna kanda saba za kaseti, kila upande, isipokuwa wa mwisho, umeandikwa namba kwa rangi ya kucha ya buluu. Sauti iliyomo ni ya Hannah Baker, mwanafunzi mwenzake aliyejiua majuma mawili nyuma, na kila upande wenye namba una mtu wake: huyu alinizushia, huyu alinitenga, huyu aliona akanyamaza. Clay anazisikiliza usiku huohuo akizunguka mji. Maneno ya Hannah yamechapwa kwa herufi za mlazo katikati ya mawazo ya Clay, na mwanzoni nilikuwa napotea. Baadaye nilisahau hata usingizi.

Kinachonikera ni kanda zenyewe. Hannah amekufa, lakini ndiye anayeongea kitabu kizima na ndiye anayewaelekeza wengine waende wapi. Waliompuuza sasa wanamsikiliza, tena kwa majuto. Mtu mzima ataiona kuwa ni mbinu ya mtunzi tu. Kijana aliyeumizwa, anayejiona hana wa kumsikia, anaweza kusoma humo ahadi: nikiondoka watanielewa. Ahadi hiyo ni ya uongo, maana aliyekufa hayupo kuuona huo uelewa.

Halafu zile sababu 13 za kwenye jina la kitabu. Shirika la Afya Duniani huwaasa waandishi wa habari wasikirahisishe kifo cha namna hii kwa kukipa sababu moja. Hapa zimekuwa nyingi, lakini kasoro ni ileile, kwa kuwa karibu kila moja ina mtu wa kubebeshwa lawama, huku sonona ikipita bila kuchimbwa. Hata Clay, ambaye Hannah mwenyewe anakiri hakustahili kuwemo, anabaki na mzigo.

Lakini kuna sehemu ya Bwana Porter, mshauri wa wanafunzi. Hannah anamwendea na kinasa sauti kakificha, anamwambia karibu kila kitu. Bwana Porter anauliza mawili matatu, kisha anamwonyesha kwamba kama hataki kumkabili aliyemtendea, basi asahau, asonge mbele. Hannah anatoka, mlango unafungwa, anangoja. Hakuna anayemfuata. Kurasa hizo nilizirudia, na nazipenda kuliko kitabu chote kilichobaki. Nilizisoma na mpwa wangu, akaniuliza, “Mjomba, kwani angemuuliza tu moja kwa moja kama anataka kujiua, ingekuwaje?” Tukaongea sana kuhusu hilo. Wapo wanaoogopa kwamba ukimuuliza mtu waziwazi unampandikizia wazo, ilhali wataalamu wanasema sivyo; mara nyingi humpa nafasi ya kupumua na kusema.

Tamthilia ya Netflix ya mwaka 2017 ni jambo jingine, sikuipenda. Kifo walikionyesha waziwazi, na mwaka 2019 wakalikata tukio hilo. Angalau kitabu hakikufanya hivyo.

Mwishoni Clay anamwona Skye, msichana aliyejitenga na wenzake, akipita kwenye korido, naye anamfuata na kumwita. Ningefurahi riwaya ingeanzia hapo.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Mzazi, kisome kwanza wewe, kisha msome pamoja. Kama umefiwa hivi karibuni kwa namna hii, au mawazo hayo yanakujia sasa, kiache kwanza, umtafute leo mtu unayemwamini au mhudumu wa afya, umwambie wazi.