Miezi saba na skopu ya elfu sitini na tano

Kwa miaka kumi na mbili nimetengeneza amplifaya na redio kwa testa, sikio na kidole. Testa inaniambia volti zipo au hazipo. Sikio linaniambia sauti ni chafu. Kidole kinaniambia transista imepata moto, na kovu la ushahidi ninalo. Nilichokikosa ni macho. Umeme wa sauti hautulii kama wa betri, unapanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde moja, na ukiweka testa hapo inakupa namba moja tu. Ni kama kuuliza ngoma ya jana ilikuwaje, ukajibiwa kwamba walikuja watu mia mbili.

Mwezi wa pili nikamwagiza binamu yangu aliyeko Kariakoo aniletee osiloskopu ndogo, yaani skopu, kifaa kinachokuchorea kwenye kioo umeme unavyopanda na kushuka, zile za kuunga mwenyewe: bodi, kioo cha inchi 2.4, mfuko wa vijidude vya kulehemu, na waya wenye vibanio viwili, chekundu na cheusi. Mpaka inafika Mwanza na nauli ya kifurushi, shilingi 65,000. Jina sitaji, kwa sababu bodi ileile inauzwa kwa majina mengi na kila muuzaji anabandika lake. Itambue kwa vipimo: chaneli moja, sampuli milioni moja kwa sekunde, frikwensi mpaka kilohezi 200, yaani mizunguko laki mbili kwa sekunde, umeme wa volti 9.

Kuiunga kulichukua jioni mbili. Chipu kubwa kwenye yangu ilikuwa tayari imechomelewa, zimebaki resista, kapasita, swichi na soketi. Tatizo ni resista zenyewe. Zina pete tano, na chini ya taa yangu kahawia na nyekundu ni ndugu mapacha. Nikaacha kusoma rangi, kila moja nikaipima kwa testa kabla ya kuiweka. Fanya hivyo hivyo, maana ukikosea moja kwenye njia ya kuingizia ishara, skopu itawaka vizuri tu, halafu itakusomea volti za uongo maisha yake yote. Sehemu nyingine ya kukutoa jasho ni soketi ya mviringo ya probu, ule waya wa vibanio. Ni pande la chuma, linanyonya moto wote, na pasi ndogo ya wati 25 inabaki kuilamba tu bila lehemu kushika. Niliazima pasi ya jirani anayetengeneza redieta.

Ikiwaka, usikimbilie kazi ya mteja. Pembeni kuna kipete kinachotoa ishara ya majaribio, mawimbi ya mraba ya kilohezi 1. Bana chekundu hapo, uangalie kona. Mara ya kwanza zangu zilikuwa zimechongoka kama masikio ya paka, kila mraba una ncha inayotokeza juu. Kuna kapasita ndogo mbili za kuzungusha kwa bisibisi. Nikazungusha kidogo, ncha zikashuka, nikapitiliza, kona zikawa za mviringo kama mkate wa boflo. Nikarudisha robo ya zungusho. Kona zikakaa. Ni kazi ya dakika mbili na ndiyo inayoamua kama utakachokiona baadaye ni umbo la saketi ya mteja au ni umbo la probu yako.

Wiki ya kwanza nilicheza nayo zaidi ya kufanya kazi, sitaki kudanganya. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni rimoti. Nilichukua kile kijicho cheusi cha kupokelea rimoti kutoka kwenye TV iliyokufa, nikakipa volti 5, skopu nikaiweka kwenye hali ya kukamata mara moja na kusimama. Nikabonyeza rimoti. Kioo kikaganda na mstari umeshuka kwa milisekunde 9, ukapanda milisekunde 4.5, kisha msururu wa vishimo vyembamba, mapengo mengine mafupi na mengine marefu. Pengo fupi ni sifuri, refu ni moja. Biti 32 kwa kila kitufe. Kijana wangu wa kazi, ambaye hesabu za shuleni zilimshinda, alikaa akizihesabu kwa ncha ya kalamu mpaka akajua kitufe cha kuongeza sauti na cha kupunguza vinatofautiana wapi. Tangu siku hiyo mteja akileta TV haisikii rimoti, hatubahatishi tena kati ya rimoti, kijicho na bodi. Tunaangalia ujumbe umeishia wapi.

Sasa nije kwenye ile amplifaya ya kwaya.

Katibu wa kwaya aliileta Jumatatu. "Fundi, hii inapata moto hata hatujaimba. Na twita mbili zimeshaungua ndani ya mwezi." Twita ni zile spika ndogo za sauti nyembamba. Ni amplifaya ya zamani, nzito, ya transista za 2N3055 zile za kofia ya chuma. Niliiwasha bila muziki wala spika, na baada ya dakika kumi hitisinki, chuma cha kupoozea transista, haishikiki. Testa ikasema mambo yote mazuri: volti za juu na chini zinalingana, kwenye mdomo wa spika hakuna DC, umeme uliotulia kama wa betri. Zamani hapo ningeanza kubadilisha transista moja baada ya nyingine nikiomba Mungu.

Nikaleta skopu. Nikaiweka milisekunde 20 kwa kila mraba wa kioo, nikabana kwenye mdomo wa spika. Nikaona wimbi! Laini, la kupendeza, linakamilisha mzunguko mmoja kwa kila mraba. Mzunguko mmoja kwa milisekunde 20 ni hezi 50, na hezi 50 ni umeme wa ukutani. Nikamwambia kijana kwa sauti ya mwalimu mkuu: kapasita za kuchuja zimechoka, umeme unavuja mpaka kwenye spika. Nikanunua mbili mpya, mikrofaradi 10,000 kila moja, volti 63. Nikazifunga. Nikawasha. Wimbi lilelile, halikupungua hata unywele.

Ningekuwa nimetulia, ningekumbuka mambo mawili. Kwanza, umeme wa ukutani ukishapita kwenye brigi ya dayodi nne zinazounyoosha, mngurumo wa kapasita mbovu unakuwa hezi 100, siyo 50. Pili, hezi 50 unaisikia. Nilipounganisha spika ya majaribio, ilikuwa kimya. Tena lile wimbi lilikuwa linatambaa, halitaki kusimama hata nikizungusha kitufe cha kulishika.

Aliyenitoa ni kijana, na wala hakukusudia. Alitaka kuona vitufe vinafanya nini, akaanza kubadilisha muda wa mraba. Kila akipunguza, wimbi langu zuri linageuka kitu kingine: mara linakimbia, mara linakuwa mkanda mnene unaojaza nusu ya kioo. Akafika mikrosekunde 10 kwa mraba, na hapo mkanda ukafunguka. Milima imepangana shoto kulia, kila mmoja haufiki hata mraba mzima. Kama mikrosekunde 9. Hiyo ni karibu kilohezi 110.

Kumbe amplifaya ilikuwa inapiga kelele muda wote, sauti ya juu mno hata mbwa hasikii. Transista zinafanya kazi kama za sherehe huku sisi tunasikia kimya, ndiyo moto. Na mtu wa kwanza kubeba mzigo huo kwenye spika ni twita. Testa za bei yetu kwenye AC, umeme wa kupanda na kushuka, zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, frikwensi kama hiyo haziioni.

Na lile wimbi la hezi 50 lilitoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka mnunuzi asome taratibu. Skopu hii haioni mfululizo, inachungulia. Kwenye kasi ndogo kama ile, kila mraba wa kioo inaweka nukta 25. Ukiiambia mraba mmoja ni milisekunde 20, inachungulia mara 1,250 tu kwa sekunde, ingawa kwenye boksi wameandika milioni moja. Hiyo milioni ni ya kasi ya juu kabisa. Umewahi kuona video ya simu ambayo pangaboi linazunguka polepole, au linarudi nyuma, wakati chumbani linakwenda mbio? Ni jambo lilelile. Kati ya kuchungulia na kuchungulia, ile kelele ya kilohezi 110 ilikuwa imeshazunguka karibu mara 88, kila nukta inaidaka imesogea kidogo, na nukta hizo zikiunganishwa zinachora wimbi la polepole ambalo halipo duniani. Harry Nyquist na Claude Shannon, waliofanya kazi Bell Labs kule Marekani, walishalieleza hesabu zake zamani, Shannon akaliandika wazi mwaka 1949: lazima uchungulie zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko, la sivyo unachorewa sura ya mtu mwingine. Kwa sampuli 1,250, chochote kinachozidi hezi 625 kikifika kwenye kioo kinafika kimevaa kanzu ya mwenzake. Skopu za bei kubwa zina njia ya kukushtua, zinashika kilele hata zikiwa kwenye kasi ndogo. Hii haisemi kitu. Inakuchorea uongo kwa mstari msafi.

Dawa yake ni tabia tu. Sasa kila ninapobana probu mahali nisipopajua, naanza na kasi ya juu kabisa, mikrosekunde 10, halafu nashuka. Wimbi la kweli ukibadilisha muda linanenepa au kukonda kwa kipimo kilekile. La uongo linabadilisha tabia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa shilingi mia chache. Kwenye mdomo wa spika kuna resista ya ohmu 10 imefuatana na kapasita iliyoandikwa 104, zinakwenda ethi. Vitabu vinaiita saketi ya Zobel. Koili ya spika ikipata frikwensi kubwa inakataa kupitisha umeme, amplifaya inajiona kama haina mzigo, inaanza kucheza peke yake. Hiyo resista na kapasita ndizo zinazoishika mkono. Resista ilikuwa imekatika, nyeusi kama punje ya mkaa, imejificha chini ya koili ya waya mnene. Nikaweka mpya ya wati 2. Mstari kwenye kioo ukalala, hitisinki ikabaki ya uvuguvugu. Kapasita mbili kubwa nilizonunua, shilingi 24,000, zimebaki humo humo ndani kwa sadaka yangu.

Yasiyoniridhisha. Karatasi inajisifia biti 12, yaani ngazi 4,096, lakini kioo kina nukta 240 tu kwenda juu, hizo ngazi nyingine wanajua wenyewe ziko wapi. Swichi za kusukuma ni laini kupita kiasi na yangu ya volti imeshaanza kukwama. Redio za AM inakuacha njiani: hatua ya kati ya redio hizo ni kilohezi 455, huko haifiki, utaanza kuona tena baada ya dayodi, sauti ikishatolewa. Bodi za simu sahau kabisa.

Betri ya mraba ya volti 9 usiinunue. Skopu inakula kama miliampia 120 na betri hiyo haimalizi siku ya kazi. Mimi nimechukua betri ya volti 12 ya UPS, nikapitisha kwenye 7809, kijidude kinachoshusha volti mpaka 9, inakwenda wiki. Niliwahi kutumia chaja ya bei chee badala ya betri, kioo kikajaa nywele, nikidhani ni ugonjwa wa redio ya mteja.

Na upande wa umeme mkubwa wa pawasaplai za TV, usiguse. Volti 230 zikishanyooshwa na dayodi zinafika kama 325, wakati mlango wa skopu kwa waya iliyokuja nayo umeandikwa mwisho volti 50. Kibanio cheusi ni ethi ya skopu nzima, pamoja na vyuma unavyovishika, kwa hiyo ukikibana vibaya umeme huo unakufikia.

Nani anunue? Fundi wa amplifaya, redio, subwufa, rimoti, na mwanafunzi wa VETA anayetaka kuona alichochorewa ubaoni. Fundi simu aweke akiba yake mpaka afikie ya megahezi 100. Kwangu mimi imeshajilipa, hata ukitoa zile 24,000.

Katibu alikuja Ijumaa kuchukua mzigo wake. Nikamwekea maiki, skopu nikaibana kwenye mdomo wa spika, nikamwambia aimbe kidogo. Akavuta "aaa" ya besi, sauti ya nne, mawimbi yakatanda mapana kwenye kioo. Akapandisha, yakabanana. Akaita na mwenzake aliyembebea spika, wakaimba ubeti mzima huku wanakodolea kile kioo cha inchi mbili na nusu, kila mmoja anabisha kwamba wimbi nene ni lake. Waliondoka wakiwa bado wanabishana, na bakaa ya ufundi bado nawadai.