Riwaya za wizi wa mtandaoni: kikundi chenu kinunue kipi kwanza?

Kikundi chetu cha kusoma hapa Lamu kina watu tisa. Tunakutana Alhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya Isha, juu darini chini ya makuti, na birika la kahawa chungu. Safari hii Mwalimu, mama mstaafu anayetuzidi sote kwa umri, alitoa amri: kitabu kiwe cha uhalifu wa mtandaoni.

Alikuwa na sababu. Wiki ile simu yake iliingia ujumbe kwamba amepokea shilingi 7,500. Dakika haikupita akapigiwa na kijana mwenye adabu za kupindukia: "Shikamoo mama, nimekosea namba, hiyo ni pesa ya mgonjwa, naomba unirudishie." Akarudisha. Zilizotoka zilikuwa zake kweli. Zilizoingia hazikuwahi kuwepo, ujumbe ulikuwa wa kughushi. Basi akasema anataka kujua watu hawa wanafikiri vipi, na kwamba mwezi huu hasomi mapenzi.

Kazi ya kutafuta niliangushiwa mimi, kwa kuwa ndiye ninayevuka kwenda Mokowe, gati letu la bara, kuchukua vifurushi. Nimesoma saba. Ninavipanga hapa kwa kipimo kimoja kikubwa: je, asiyejua kompyuta atakuwa na la kusema? Kitabu kikihitaji fundi wetu wa simu atufafanulie kila ukurasa, hilo ni darasa, si baraza. Baada ya hapo nimeangalia kama nakala zinapatikana bila kuuza mbuzi, na kama kinasomeka mbele ya watu wa rika zote, maana kwetu mna mama na mwanawe wa kiume, na wote wawili wana haya.

Cha kwanza, bila kusita: I Do Not Come to You by Chance

Ameandika Adaobi Tricia Nwaubani wa Nigeria, kikatoka 2009, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa upande wa Afrika. Kingsley ni mtoto wa kwanza wa kiume, ana shahada ya uhandisi wa kemikali, na kazi hapati. Baba, mtu aliyeamini kwamba elimu ndiyo mlango wa kila kheri, anaugua. Ada za wadogo zinadaiwa. Aliyebaki ni mjomba, ndugu wa mama, anayejiita Cash Daddy na anayeishi kwa barua pepe za utapeli, zile Wanigeria wanazoziita 419 kwa namba ya kifungu cha sheria yao ya jinai.

Humu hamna bastola wala mdukuzi wa miujiza, yule mwenye kuvamia kompyuta za watu. Kuna vijana wameketi mbele ya kompyuta wanatunga uongo kwa watu wa mbali, na kila barua imeshonwa kwa uchu wa mwenye kuisoma. Ni kitabu cha kuchekesha mno. Nilikisoma ndani ya boti nikacheka peke yangu hata nahodha akaniuliza kulikoni.

Kinachokipandisha juu ni mama yake Kingsley. Ada zinalipwa, nyumba inapata nafuu, lakini yeye pesa ile haitaki. Hapo nilijua kikundi chetu kitalala saa sita. Je, riziki ya haramu ikimsomesha mtoto asiye na kosa, elimu ile inakuwaje? Mjomba aliyekubeba ulipokwama unaweza kumwambia nini? Haya hayahitaji kujua kompyuta hata kidogo, na kila mtu Lamu anamjua ndugu mmoja ambaye nyumba yake imepanda ghorofa haraka kuliko biashara yake. Kingereza chake ni chepesi. Tahadhari moja: Cash Daddy hana staha ya mdomo wala ya mwili, na mwenye kusoma kwa sauti aruke anapoona kunaelekea huko.

Cha pili: The Lazarus Heist

Hiki si riwaya, ni habari ya kweli iliyoandikwa na Geoff White mwaka 2022, ila kinakimbia kuliko riwaya nyingi. Kiini chake ni wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh. Wezi, ambao Marekani inasema walitumwa na Korea Kaskazini, walianza na kitu kidogo tu: barua pepe ya mtu anayeomba kazi, kwa heshima, na wasifu wake wa kufungua. Mfanyakazi akafungua. Mwaka mzima wakakaa ndani kimya.

Walipopiga, walichagua usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu Ijumaa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ni siku ya mapumziko. Dhaka walipoanza kuzinduka, New York, fedha zilikokuwa zimewekwa, ilikuwa imeingia wikendi. Na Jumatatu Ufilipino, zilikokwenda fedha, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Mwalimu alinisikiliza nikieleza haya akasema, "Wanatujua kuliko tunavyojijua." Walijaribu kuhamisha dola milioni 951. Zilizoyeyukia Manila, nyingi kupitia kasino, ni milioni 81.

Nyingi ya zilizobaki ziliokolewa na jina. Tawi la benki huko Manila liko mtaa wa Jupiter, na Jupiter lilikuwa pia jina la meli ya Iran iliyowekewa vikwazo. Mitambo ya New York ikalishtukia neno lile na malipo yakasimamishwa yakaguliwe. Ami yetu nahodha, ambaye kwa kawaida huja kunywa kahawa tu, alidai tumrudie kisa hiki mara mbili. Amekwenda kukisimulia gatini.

Nimekiweka cha pili kwa sababu baada ya benki kitabu kinaendelea na mashambulizi mengine, la kampuni ya Sony la 2014 na lile la virusi vya WannaCry la 2017, na humo msomaji asiye mzoefu anaweza kupotea njia. Pia ni kipya, kwa hiyo cha mtumba ni bahati.

Cha tatu: The Cuckoo's Egg

Mwenye duka la vitambaa katika kikundi chetu alikipigia kura kabla sijamaliza sentensi. Mwaka 1986, Cliff Stoll, mwanasayansi wa nyota, alihamishiwa kitengo cha kompyuta cha maabara ya Lawrence Berkeley, California, akaambiwa atafute kwa nini hesabu za matumizi zimepishana kwa senti 75. Senti 75! Mwingine angezifidia mfukoni mwake yakaisha. Yeye akazifuata mpaka akamkuta mtu wa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akipekua kompyuta za jeshi la Marekani na kuziuza siri kwa KGB, majasusi wa Urusi ya Kisovieti.

Kitabu ni cha 1989, na kuzeeka kwake ndiko kunakokisaidia. Simu ni za waya, mashine zinachapa kila herufi anayobonyeza mwizi, na Stoll analala chini ya meza akimvizia. Mtego wake wa mwisho ulikuwa mafaili ya uongo, marefu makusudi, ili mwizi abaki kwenye laini muda wa kutosha kufuatiliwa. Yaani tapeli katapeliwa. Katikati ameingiza hata namna ya kupika biskuti zake, sijui kwa nini, lakini binti mmoja wa kikundi amezijaribu na tumekula.

Udhaifu wake ni kurasa nyingi za ndani kabisa ya kompyuta. Mkikichukua, ruhusuni watu waruke.

Kama mfuko ni mtupu: Little Brother

Cory Doctorow alikitoa 2008 na akakiweka kwenye tovuti yake kipakuliwe bure, kwa leseni inayoruhusu watu kunakili na kugawana mradi wasiuze. Kwa kikundi cha watu tisa hilo ni jambo kubwa: mmoja anapakua, wanane wanarushiwa kwenye simu, hamjavunja sheria.

Kijana wa miaka 17, Marcus, wa San Francisco, anakamatwa na watu wa usalama baada ya shambulio la kigaidi, na akiachiwa anatumia ujuzi wake kupambana na mitambo inayompeleleza kila mtu. Kimeandikiwa vijana, na mahali pengine kinahubiri. Lakini hapa kwetu, watu walioishi na kafyu ya 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, swali la nani analindwa na nani anashukiwa si la kitabuni. Nasema wazi: pimeni kikundi chenu kabla ya kukichagua. Baraza letu lina watu waliopoteza na watu walioshikwa.

Vilivyobaki

The Blue Nowhere cha Jeffery Deaver, 2001: mdukuzi anatolewa jela ili amsaidie polisi kumkamata mdukuzi muuaji. Ndicho chenye mapigo ya moyo kuliko vyote, na muuaji huyo huwaingia watu kwa maneno na kujifanya mwenzao kabla ya kuingia kompyuta zao, jambo linalomhusu Mwalimu moja kwa moja. Ila kikishaisha kimeisha; sikupata swali la kubishania. Mzee wetu mmoja alichoka na jela la California akatusimulia Ngome ya hapa Mkunguni ilipokuwa jela, mpaka 1984, na ikawa ndiyo sehemu bora ya jioni.

The Girl with the Dragon Tattoo cha Stieg Larsson wengi watakitaja kwa sababu ya filamu. Lisbeth ni mdukuzi asiyesahaulika, lakini udukuzi wenyewe ni bizari tu. Mchuzi ni ukatili dhidi ya wanawake, umeelezwa kinagaubaga, na jina lake la asili la Kiswidi ndilo linalosema hivyo: wanaume wanaochukia wanawake. Kisomeni peke yenu. Mama na mwanawe darini, hapana.

Cha mwisho ni Digital Fortress cha Dan Brown, cha 1998. Mtakiona kwenye kila rundo la mitumba na kitakuwa rahisi. Fundi wetu alikisoma kwa siku mbili akakirudisha ameweka alama kwa penseli kila penye kosa la kompyuta, na penseli ilikwisha. Kama mnataka jioni ya kucheka, sawa.

Swali la lugha nilijua litakuja, maana vyote saba nimevisoma kwa Kingereza na wapenzi wa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, kati yetu walinuna. Tulichofanya ni kumpa kila anayesoma Kingereza sura zake, aje azisimulie kwa Kiswahili kama hadithi. Asiyejiandaa anaonekana mara moja.

Kununua kwenyewe

Maduka ya kisiwani ni ya vitabu vya shule na vya dini, kwa hiyo mtaagiza Nairobi au Mombasa. Kitabu kipya cha kutoka nje, nilivyoulizia, hakipungui sana shilingi 1,500 na kinaweza kuvuka 2,500. Msinunue tisa. Sisi tumenunua vitano, watu wawili wawili kwa kimoja na mmoja kabaki na chake peke yake, na wenza wamepangwa kwa ujirani ili kitabu kivuke ukuta tu.

Mwombeni muuzaji picha tatu kabla ya kutuma pesa: jalada, mgongo wa kitabu, na ukurasa wa haki za mwandishi. Mwaka jana nilituma kabla ya kuona, nikaletewa nakala ya wizi, herufi zimefifia, ukurasa wa 97 hadi 128 umefungwa mara mbili na mwisho haumo. Kwa kitabu cha upelelezi, mwisho kukosa! Muuzaji hakupokea simu tena. Na vile viungo vya "pakua bure" vinavyozunguka kwenye makundi, kimoja kilimwomba fundi wetu namba ya kitambulisho na ya siri ya simu ili apate riwaya ya utapeli. Alikipiga picha akatuletea tukione.

Mzigo ukipakiwa basi la kupitia Malindi, Garsen na Witu, mpe muuzaji namba ya mtu atakayekuwepo Mokowe siku ile ile. Na mwambie avifunge ndani ya nailoni mbili, kwa sababu boti ikikutana na upepo wa kusi mkondoni, aliyekaa mbele na mzigo wake huoga pamoja.