King Tubbys Meets Rockers Uptown: santuri ya kumsikiliza fundi mitambo akiwa kazini

Santuri ya King Tubbys Meets Rockers Uptown, ya dabu, yaani rege iliyochanganywa upya kwa kuondoa na kurudisha sauti na vyombo, ilitoka mwaka 1976, na kwa maoni yangu ni vigumu kuipata kazi nyingine ya rege inayoonyesha wazi namna hii kwamba fundi mitambo anaweza kuwa mwanamuziki kamili bila kuimba wala kushika gitaa. Mtayarishaji wake ni Augustus Pablo, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Horace Swaby, na ndiye anayepuliza melodika, kinanda kidogo cha mdomoni ambacho watu wengi waliona kinafaa watoto wa shule tu. Aliyekuwa kwenye mixa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, ni Osbourne Ruddock, anayefahamika kwa wapenzi wa rege kwa jina la King Tubby. Nimeisikiliza hapa Kampala kwenye spika za studio, kwenye spika kubwa za sherehe na kwenye simu, na ninaiandikia mapitio haya nikiwafikiria hasa vijana wanaoshughulika na sauti nchini Uganda, wawe studioni, kanisani, kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) au kwenye matamasha.

Wimbo uliobeba jina la santuri ndio unaostahili kusikilizwa kwanza. Umetokana na wimbo wa mapenzi wa Jacob Miller, Baby I Love You So, ambao Pablo aliutayarisha. Dramu ni za Carlton Barrett, yule yule wa The Wailers, bendi ya Bob Marley. Miller anaanza kuimba, lakini kabla hajafika mwisho wa sentensi sauti yake inakatwa, na silabi moja inabaki ikijirudia ndani ya mwangwi hadi inayeyuka, huku besi na dramu zikiendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Gitaa linachomoza kwa mpigo mmoja, linatawanyika, linatoweka. Melodika inaingia kwa huzuni, nayo inanyamazishwa pale ambapo msikilizaji ameanza kuizoea. Kinachoshangaza ni kwamba wimbo haupungukiwi na kitu. Kila kinapoondolewa chombo kimoja, vilivyobaki vinaonekana vikubwa zaidi, na sikio linaendelea kuusikia wimbo mzima ingawa nusu yake haipo.

Namna kazi hiyo ilivyofanyika inaongeza thamani yake. Tubby hakuwa na kompyuta, na mixa yake, iliyotengenezwa na kampuni ya MCI na kununuliwa ikiwa imekwisha kutumika katika studio ya Dynamic Sounds, ilitumika kuchanganya tepu za chaneli nne tu. Kwa kawaida dramu zilikaa kwenye chaneli moja, besi kwenye nyingine, gitaa na vinanda kwenye ya tatu, na sauti za waimbaji au tarumbeta kwenye ya nne. Utepe ulipoanza kuzunguka, fundi alikuwa na dakika tatu au nne za kuamua kwa vidole vyake nini kisikike, nini kinyamaze na nini kitumwe kwenye mwangwi, na alichokosea hakikuweza kufutwa ila kwa kuanza upya. Mixa hiyo pia ilikuwa na kifaa cha kuchuja sauti kwa kukata besi, chenye kitufe kikubwa kilichozungushwa hatua kwa hatua, na ndicho kinachofanya upatu wa dramu au gitaa lisikike likikonda na kupanda juu ghafla katika kazi zake nyingi. Ukishajua hayo, kila kipande cha santuri hii unakisikia kama onyesho lililopigwa papo kwa papo, la mara moja, ambalo hata Tubby mwenyewe asingeweza kulirudia vile vile.

Kwa nini ni yeye aliyeweza, na si mafundi wa studio kubwa za Kingston, Jamaica, zilizokuwa na vifaa vingi zaidi? Jibu liko katika kazi aliyoianzia. Tubby alikuwa fundi wa redio na umeme katika mtaa wa Waterhouse. Alisuka transfoma, alijenga amplifaya, na alikuwa akitengeneza mitambo ya saundi sistemu, yaani ile mitambo mikubwa ya muziki iliyopigwa hadharani mitaani. Baadaye akawa na ya kwake, Home Town Hi-Fi, ambapo U-Roy alighani juu ya santuri zilizopunguzwa sauti za waimbaji. Alifanya kazi pia kwa mtayarishaji Duke Reid, akichonga santuri, na huko ndiko alikoona jinsi wimbo uliopunguzwa maneno unavyoweza kuwachangamsha watu kuliko wimbo kamili. Studio yake ilikuwa chumba katika nyumba ya mama yake, namba 18 Dromilly Avenue, na waimbaji walirekodiwa bafuni, kwa kuwa nafasi ya bendi haikuwapo. Bendi zilirekodiwa kwingine, na tepu zikaletwa kwake. Mtu aliyezijua nyaya za ndani ya mashine yake hakuiogopa: aliifungua, akaibadilisha, akailazimisha ifanye mambo ambayo aliyeitengeneza hakuyafikiria.

Hapa ndipo ninapowaona mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, ambao huunda mashine kutokana na chuma chakavu na hutengeneza kile ambacho wengine wamekwisha kukitupa. Tunao watu wenye mikono ya aina hiyo, lakini mara chache sana tunawaingiza studioni. Tunawaita pale spika inapoungua, kisha tunawaruhusu waende zao. Naamini kabisa kwamba fundi mitambo anayejua kushika chuma cha kulehemu anasikia mengi kuliko anayejua programu pekee, na ninasikitika kwamba vijana wengi wanaojifunza utayarishaji hapa kwetu hawajawahi kuifungua hata amplifaya moja.

Santuri hii inatufundisha pia jambo ambalo studio zetu zinalihitaji. Katika nyimbo nyingi zinazotoka Kampala, prodyuza hutajwa kwa sauti mwanzoni kabisa mwa wimbo, jambo ninaloliunga mkono kwa sababu anastahili kujulikana, lakini baada ya hapo kila nafasi hujazwa: kinanda juu ya kinanda, waitikiaji juu ya mwimbaji, makofi juu ya dramu, na mwisho kila kitu husukumwa juu hadi spika za taksi zinapasuka. Tubby alijulikana kwa alichokiondoa. Besi ya Robbie Shakespeare na ya Aston Barrett, waliopiga katika vipande mbalimbali vya santuri hii, inasikika nene na tulivu kwa sababu hakuna kinachogombania nafasi yake.

Kasoro zipo. Mwendo wa vipande vingi unakaribiana, na mtu anayetafuta maneno ya kuimba, kama tunavyoimba pamoja na Maddox Ssematimba, mwimbaji wetu wa rege, atachoka kabla ya kufika nusu. Melodika ya Pablo, pamoja na uzuri wake, inazunguka katika huzuni ile ile. Kwenye simu santuri hii karibu haifai kitu, kwa kuwa besi, ambayo ndiyo uti wake wa mgongo, haipo, na kinachobaki ni mikwaruzo na mwangwi. Liko pia suala linalonikera zaidi: katika biashara ya rege ya wakati ule, wapigaji kwa kawaida walilipwa kwa siku ya kurekodi tu, lakini mtayarishaji aliweza kuuza mdundo ule ule tena na tena kwa sura mpya, na sauti ya mwimbaji ikageuka kipande cha kunogesha kazi ya mwingine. Uganda tunayo Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, na yeyote anayetaka kutengeneza dabu kutokana na wimbo wa mtu hapa kwetu akubaliane kwa maandishi na waimbaji na wapigaji kabla hajagusa mixa.

Mafundi waliopitia mikononi mwa Tubby waliendelea mbali. Lloyd James, aliyeitwa Prince Jammy, alitoa mwaka 1985 wimbo wa Wayne Smith uliotokana na kinanda kidogo cha Casio na kuigeuza rege yote kuwa ya kidijitali. Hopeton Brown, aitwaye Scientist, alijipatia jina akiwa bado kijana. Tubby mwenyewe aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 6 Februari 1989, wakati tayari alikuwa na studio kubwa zaidi na lebo zake.

Kwa anayetaka kuinunua, santuri yenyewe italazimika kuagizwa kutoka nje, na gharama ya kuisafirisha pamoja na ushuru inaweza kuizidi bei yake. Kwa kazi ya kujifunza, nakala ya kidijitali ya ubora wa juu inatosha. Yapo matoleo ya baadaye yaliyoongezewa vipande, lakini anayeanza achukue mpangilio wa awali unaoishia na Satta Dub, asikilize kwenye spika yenye besi ya kweli, na aisikilize Baby I Love You So ya Miller kwanza ili ajue ni kitu gani Tubby alikuwa nacho mezani kabla hajaanza kukipunguza.