email.utils ya Python: tiba nzuri ya tarehe mbovu za barua pepe, yenye mtego mmoja

Barua za mfumo wako zikianza kuangukia kwenye spamu, kabla hujamlaumu mwenye seva fungua chanzo cha barua moja usome mstari wa Date. Unatakiwa uwe hivi: Mon, 3 Mar 2025 14:05:00 +0300. Ndivyo RFC 5322, waraka wa kanuni za muundo wa barua pepe, inavyoagiza, siku na mwezi kwa Kiingereza, na mwishoni idadi ya saa na dakika za kutofautiana na UTC (saa ya kimataifa) kwa tarakimu nne.

Wengi huuunda mstari huo kwa strftime, amri ya Python ya kugeuza tarehe kuwa maandishi. Hapo %a (siku) na %b (mwezi) hufuata lugha iliyowekwa kwa setlocale, na programu ikiwekwa Kifaransa, siku inatoka kwa Kifaransa. Tena %z, ya kutofautiana na UTC, haitoi chochote ikiwa tarehe haikubeba saa za eneo.

Moduli ya email.utils, inayokuja na Python yenyewe, imelimaliza tatizo la lugha kwa sababu majina ya Kiingereza yamo ndani yake. Kwa barua ya kawaida, formatdate(localtime=True) inatosha. Lazima uweke Date mwenyewe, maana smtplib, moduli ya Python ya kutuma barua, haiiongezi.

Mtego uko kwenye format_datetime, amri ya moduli hiyo ya kuandika tarehe unayoipa wewe. Ukiipa datetime.now() tupu, yaani saa ya seva isiyotaja eneo, haigomi. Inaandika -0000, yaani inachukulia kwamba hiyo ni UTC. Seva ikiwa kwenye saa za Nairobi, tarehe ya barua inakuwa mbele ya wakati halisi kwa muda wa saa 3. Ikiwa Muscat, saa 4. SpamAssassin, programu ya kuchuja spamu, ina kanuni ya DATE_IN_FUTURE_03_06, inayoongezea alama za spamu barua ambayo Date yake iko mbele ya wakati wa kupokelewa kwa saa 3 hadi 6. Muscat inanaswa waziwazi, Nairobi iko ukingoni. Kibaya zaidi, seva ya majaribio ikiwa kwenye UTC hutaona kasoro yoyote. Kwa hili naipa moduli nyota 4 kati ya 5: tarehe isiyo na saa za eneo ilipaswa kukataliwa, si kukisiwa.

Tumia datetime.now().astimezone(), au datetime.now(ZoneInfo("Africa/Nairobi")) kuanzia Python 3.9. Kwenye Windows sakinisha kwanza kifurushi cha tzdata (orodha ya saa za maeneo), la sivyo jina la eneo halitapatikana. Halafu isomeshe parsedate_to_datetime mstari uliotoka: tzinfo (saa za eneo za tarehe iliyosomwa) ikiwa None, yaani tupu, -0000 bado imo.