Bakapu bila kuzima databesi: misimu yangu miwili na pg_basebackup, Mtwara

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, ghala letu halilali. Malori ya Tandahimba na Newala yanaingia hadi usiku, kila mzigo unapimwa, unapewa daraja, unaandikiwa stakabadhi. Zamani, ikifika saa nne usiku, nilikuwa nazima databesi yetu ya PostgreSQL ili ninakili mafaili. Dakika 40 makarani wanakaa tu, madereva wanapiga honi getini. Katibu wa AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, akanifuata dirishani: "Mwanangu, mzigo wetu umeshapita mizani, stakabadhi iko wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima aliyetoka Newala tangu alfajiri.

pg_basebackup, zana ya bakapu inayokuja na PostgreSQL, inanakili huku watu wanaendelea kuandika. Nakala hiyo peke yake haijakaa sawa, maana kurasa nyingine zimenakiliwa saa nne, nyingine saa nne na nusu. Kinachoisawazisha ni WAL, daftari ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Wakati wa kurejesha, mabadiliko hayo yanasomwa upya mpaka data zikubaliane.

Na ukizitunza faili zote za WAL, unarudi dakika unayoitaka. Novemba karani alikuwa anasahihisha uzito wa mzigo mmoja, amri ikatoka bila sharti la kutaja ni mzigo upi. Nikatazama kioo: kilo 8,240, kilo 8,240, mstari baada ya mstari, mizigo ya msimu mzima. Tulisimamisha mizani. Nikarejesha nakala kwenye kompyuta ya pili, nikaweka recovery_target_time dakika moja kabla ya kosa, nikalichukua jedwali la uzito na kulirudisha. Mchana tulikuwa tunapima tena. Kwa hilo tu naipa alama zote.

Lawama yangu ni moja, lakini nzito. Mwanzoni nilizituma faili za WAL moja kwa moja kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Intaneti ikakatika siku mbili. PostgreSQL haifuti faili ambayo haijafika ilikoagizwa, na kila moja ina MB 16, basi zikarundikana hadi diski ikabaki na nafasi kiduchu. Ikijaa, databesi inasimama. Niligundua kwa bahati! Siku hizi zinatua kwanza kwenye kompyuta nyingine humu humu ghalani, ndipo zinabanwa na kusafiri Dar.

Diski yako ikiwa ya polepole, tumia --max-rate kupunguza kasi ya kunakili, la sivyo makarani watalalamika. Nakala za nyongeza, zinazobeba mabadiliko tu, zimeanza PostgreSQL toleo la 17, la mwaka 2024. Mimi bado nachukua nakala nzima kila usiku.

Jumamosi asubuhi, kabla ya malori, narejesha nakala ya usiku na kuhesabu stakabadhi dhidi ya vitabu vya getini. Wiki hii zimelingana hadi ya mwisho.