Miche ya Pasheni Iliyobebeshwa: Tathmini Baada ya Mavuno ya Kwanza

Miche minne ya pasheni ya zambarau niliyoinunua katika kitalu kimoja hapa Arusha ilikuwa imebebeshwa, yaani imeunganishwa ili ikue, juu ya shina la pasheni ya njano, ambayo mizizi yake huhimili vizuri zaidi ugonjwa wa mnyauko unaotokana na kuvu wa udongoni, na kwa sababu hiyo pekee naona inastahili bei yake. Niliitengenezea kichanja cha nguzo na waya chenye kimo cha mita 2, kwa kuwa mmea huu hutambaa kwa nguvu na huelemea chochote kilicho dhaifu. Mavuno yalianza mwezi wa 11. Matunda hudondoka yenyewe yanapoiva, nasi huyaokota kila asubuhi kwa ajili ya juisi, ambayo ikichanganywa na embe hunukia nyumba nzima.

Kasoro ilikuwa moja: utepe wa kubebeshea haukuondolewa kwenye mche mmoja, ukaukaba hadi ukafa, ingawa muuzaji alinipa mwingine bila kusita.

Anayeishi pwani achague pasheni ya njano, inayostahimili joto, lakini apande zaidi ya mche mmoja, kwani kwa kawaida maua yake huhitaji chavua ya mmea mwingine.